Chui Asiyeitikia Salamu

Kamera iliingia nyumbani kwangu ndani ya mfuko wa unga. Mjukuu wangu wa kike aliitoa taratibu kama mtu anayetoa mayai, akaiweka mezani, akaifunika kwa leso yangu bila kuniomba. Mimi nilikuwa karibu na mlango nachambua mchele. Nikamwona. Mtu akifunika kitu ndani ya nyumba yako, hata kiwe ndizi, ujue lipo swali la kuulizwa.

"Ni nini hicho?"

"Kamera, nyanya."

"Ya nani?"

"Nimeazimwa."

"Na nani?"

"Mtu wa kazini."

Kazini kwake ni Eastleigh, duka la nguo za watoto, ndani ya yale majengo ambayo ukiingia kwa mlango wa mbele unatokea barabara nyingine. Mwenye duka namjua. Hata kalamu hamwazimi mtu. Sikusema neno. Niliendelea na mchele wangu, lakini kuanzia dakika ile nikawa namchunga.

Nieleze kwa nini. Mtoto huyu nimemlea mimi. Mama yake ni binti yangu wa mwisho. Alitoka nyumba hii hii ya Kaloleni alfajiri moja akaenda Uarabuni kutafuta kazi za ndani, akamwacha mtoto amelala kwenye kitanda changu. Hakuniaga. Niliamka kuswali nikakuta mlango umerudishwa tu, komeo halijafungwa. Mwanzoni alipiga simu, kisha simu zikakatika. Walioondoka naye walirudi, wengine na masanduku, wengine na maradhi. Yeye hakurudi. Watu wa mtaa waliniuliza habari zake mpaka wakachoka, na walipoacha kuuliza niliumia zaidi kuliko walipokuwa wakiuliza. Tangu hapo sielewani na mtu anayefanya mambo yake kimya.

Na ile kamera ilikuwa kimya. Jioni hiyo mjukuu wangu aliifunua, akaielekeza kwangu na ungo wangu, akashusha mikono. Nikamwambia, haya, piga basi. Akasema ameshapiga. Sikusikia chochote. Akanigeuzia mgongo wa ile kamera, nikajiona pale: mimi, ungo, na uso wa mtu anayedaiwa maelezo.

"Mbona haikulia?"

"Haina kioo ndani, nyanya. Zile kamera kubwa zina kioo kinachoruka ukipiga picha, ndicho kinacholia vile. Hii hawakukiweka. Ndiyo maana ni nyepesi."

"Na kimya."

"Na kimya, ndiyo."

"Nani anayehitaji kumpiga mwenzake picha kimya?"

Niliichukua kamera nikaipima kwa kiganja. Nusu kilo ya sukari ni nzito kuliko ile. Wakati wetu wapiga picha walipita mitaani siku za Idi na Krismasi, na wengine walikuwa matapeli. Kamera haina filamu ndani, lakini inalia kwacha, taa inawaka, unatabasamu, halafu unaingoja picha mpaka gauni ulilopigwa nalo linachakaa. Tuliziita picha hewa. Zile zilikuwa na sauti bila picha. Hii ina picha bila sauti. Mimi naona hila ni ile ile, imevaa nguo nyingine.

Wiki hiyo hiyo akaniambia anataka kuhama. Anataka kwenda kukaa Pipeline, kwa rafiki, kwa sababu kuna kazi ya kupiga picha za harusi na sherehe kule upande wa Embakasi, na anataka kuhama kabla mwezi haujaisha.

"Rafiki huyo ni mwanamke au mwanamume?"

"Mwanamke."

"Nimewahi kumwona?"

Akaanza kukunja leso iliyokwisha kukunjwa. Mkunjo huo niliushika kama mtu anavyoshika uzi.

"Utamwona tu, nyanya."

"Nitamwona lini?"

"Siku moja."

Mtu mzima anayekuja na kitu cha bei kubwa ambacho hasemi kimetoka wapi, na anataka kuhamia kwa mtu asiyeonekana, kwa miaka yangu yote hapa Eastlands nimejua hadithi hiyo inaishia wapi. Inaishia kwa mwanamume. Na huyo mwanamume, kama hawezi kuonyeshwa, basi ana mke. Nikaamua: kabla ya mwezi kwisha lazima nimwone huyo mwenye kamera, kwa macho yangu, mchana. Nisipomwona, mtoto haendi.

Jumamosi ilikuwa sherehe ya vijana kwenye uwanja wa holi yetu, ukumbi wa mtaa. Siku hizi wanaifanya kila mwaka. Wanavaa mavazi ya ajabu, wanajipaka rangi, wanatembea wakipigwa picha. Mjukuu wangu alikuwa amealikwa kupiga. Nilipotoa viatu vyangu vya kutokea, akaniona.

"Nyanya, kule kuna kelele. Utaumwa kichwa."

"Kichwa ni changu."

"Na jua."

"Jua ni la Mungu. Wewe tangulia."

Nikaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta wa holi, karibu na jirani yangu anayekaanga viazi karai. Ni mama wa kanisa, kwao ni Kakamega, na tumekuwa majirani tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa mgongoni. Mimi nikimnong'oneza jambo, yeye hulinong'oneza kwa nguvu kidogo, lakini ana macho mazuri. Nilihitaji macho.

Uwanja ulikuwa umejaa watu ambao siwezi kusema ni watu. Msichana mwenye nywele za zambarau na upanga wa kadibodi. Vijana wamejifunga magunia yaliyoshonewa vifuniko vya chupa, wakitembea wanalia kama sanduku la vijiko. Wawili wanatembea juu ya miti mirefu waliyojifunga miguuni, suruali zimefika kwenye madirisha ya holi. Mmoja alikuwa ndani ya maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, yaani yeye ni mashine, na alinijia moja kwa moja.

"Shosh, niaje? Si unisaidie kitu kimoja?"

"Mimi si shosh. Shikamoo imekushinda?"

"Shikamoo, nyanya. Nisaidie kunikuna mgongo. Mkono haufiki, na nikivua hii kitu hairudi."

"Ungevaa nguo za watu ungejikuna mwenyewe," nikamwambia. Lakini nilimkuna, kwa mwiko wa jirani, kupitia tundu la shingoni. Akasema Mungu anibariki, akaenda zake akigongana na kila mtu.

"Mwiko wangu huo," jirani akasema.

"Utauosha."

Shida yangu ilikuwa moja. Nimekuja kumtafuta mtu, na watu wote wamefunika nyuso. Mtu mwenye kitu cha kuficha angechagua siku gani nyingine? Nikaanza kwa kumtazama mjukuu wangu. Hakuwa anacheza, hilo niseme. Kamba ndefu ya ngozi ya kamera aliizungusha mkononi. Akimtaka mtu, aliinua nyusi kwanza na kukingoja kichwa cha mwenzake kiitikie, ndipo akainua kamera. Aliwageuza wawe na jua mgongoni. Alichuchumaa mpaka magoti yakagusa vumbi, akawapiga wale wa miti mirefu kutoka chini, halafu akarudi kinyumenyume bila kutazama nyuma, na hakumgonga mtu.

Hakumgonga mtu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtu wa kumzuia asigonge. Hapo ndipo nilipomwona chui.

Chui alikuwa amevaa mwili mzima, kitambaa cha manyoya chenye madoadoa, mkia mrefu, na kichwa kikubwa cha sponji, mdomo umeachama na meno meupe. Mjukuu wangu akienda kulia, chui naye kulia. Akichuchumaa, chui anasimama juu yake kumkinga jua. Na begani, chui amebeba mkoba wa mjukuu wangu. Ule wa kahawia. Niliununua mimi.

"Unamwona yule?" nikamwambia jirani.

"Chui? Nimemwona tangu asubuhi. Amempa maji ya kunywa mara kadhaa. Mwenyewe hajanywa."

"Ni nani?"

"Mwanamume, huyo. Angalia anavyotembea."

"Mwanamume gani atabeba mkoba wa kike mchana kweupe?"

"Anayependa, mwenzangu," akasema, akageuza viazi.

Nikaanza kuwatoa mmoja mmoja. Yule kinyozi anayemsalimia mjukuu wangu kwa maneno mengi, nilimwona kwa macho yangu mlangoni pa duka lake, na mashine ya kunyolea mkononi. Si yeye. Yule anayefundisha watoto mpira alikuwa pale uwanjani, uso wazi, anakula. Si yeye. Kulikuwa na mwenye bucha wa safu ya pili, mtu mwenye mke na adabu nyingi kupita kiasi, ambaye kila nikinunua nyama huuliza, na yule binti yetu hajambo? Nikamtuma jirani aende akamwangalie buchani. Akakataa kuacha mafuta yake motoni. Nikaenda mwenyewe. Nikamkuta anakata mifupa. "Karibu nyanya. Na yule binti yetu hajambo?" Nikageuka bila kununua.

Niliporudi, walikuwa wamesimama mbele ya karai, mjukuu wangu na chui wake, wanangoja viazi. Nikaenda nikasimama mbele ya ule mdomo ulioachama.

"Asalamu aleikum," nikasema.

Watu wote wenye vichwa vya uongo siku ile walikuwa wanaongea: mashine iliongea, mwenye upanga aliongea, hata mmoja aliyevaa kama mti aliniomba radhi aliponikanyaga. Chui hakusema kitu. Aliinua mkono wake wa manyoya akauweka kifuani, akainamisha kichwa.

Nikarudia. "Asalamu aleikum."

Akainama tena, zaidi.

Asiyeijua salamu hushangaa, au hucheka. Huyu aliijua. Aliijua mpaka akaweka mkono mahali pake. Anachokataa ni kutoa sauti. Na mtu haifichi sauti yake kwa asiyeijua. Nikajiambia, basi ni mtu wangu wa karibu, ni mtu ambaye akifungua mdomo tu nitamtaja.

"Rafiki yako ni bubu?" nikamwuliza mjukuu wangu.

"Wenye mavazi kama haya hawaongei, nyanya. Ndivyo wanavyofanya."

"Yule wa maboksi ameniomba nimkune mgongo."

Akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye hofu. Halafu akanishika mkono. "Nyanya, tupige picha sote watatu. Nitampa mtu atupige."

"Sipigwi picha na mtu nisiyemjua uso."

"Basi wewe utupige. Sisi wawili. Tafadhali."

Nilikataa. Akaniomba tena, na nikaona macho yake yamelegea kama alipokuwa mdogo ana homa. Nikasema lete. Akanivisha kamba shingoni. Akanionyesha kitundu cha kuchungulia na kitufe cha kubonyeza. "Usihangaike na kitu kingine. Yenyewe inatafuta macho ya mtu. Ikiyaona inaweka kisanduku kidogo juu yake. Ukiona kisanduku, bonyeza."

Wakasimama ukutani. Chui akamshika mjukuu wangu bega. Nikafumba jicho moja, nikaweka lingine kwenye kitundu. Kweli, kisanduku kilikuja, kidogo, cha kijani, kikakaa kwenye jicho la mjukuu wangu. Nikabonyeza, nikangoja ilie, haikulia. Nikajua mimi, picha hewa hii. Nikasogeza kamera kidogo kwa chui. Kisanduku kikatangatanga. Kikapita juu ya yale macho makubwa ya plastiki, hakikusimama. Kikapita puani. Kikashuka, kikaingia ndani ya mdomo, katikati ya yale meno, kikatulia.

Nikashangaa kinatafuta nini mdomoni. Nikasogea mbele hatua, nikaangalia vizuri. Ndani ya mdomo kulikuwa na wavu mweusi mwembamba, na nyuma ya wavu kulikuwa na macho. Mwenye kuvaa alikuwa anatazamia pale.

Yalikuwa yananitazama. Yalikuwa yamejaa maji. Na moja, la kushoto, lilikuwa na kovu kwenye ukingo wa nyusi, mahali ambapo mtoto wangu mmoja aliumia alipoanguka kwenye ngazi za holi hii hii, nikambeba damu ikimwagika hadi hospitali.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Jirani anasema viazi vilikuwa vimeungua. Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Vua hicho kichwa," nikasema.

Chui akatikisa kichwa.

"Nimekuona mdomoni. Vua."

Mjukuu wangu alianza kulia kabla ya mwenzake. Chui akainua mikono, akakishika kichwa cha sponji, kikatoka. Binti yangu alikuwa amekonda. Nywele zimelowa jasho, zimeshikamana na paji la uso. Alikuwa na mvi ambazo sikuziweka mimi, na hakuzipatia nyumbani kwangu.

Jirani akapiga kelele na mwiko hewani. "Yesu! Si huyu ni wenu? Si huyu ni yule wenu wa Uarabuni?"

Ndipo watu wakageuka. Mtaa ule unamjua binti yangu, na wasiomjua waliona tu chui ameng'oka kichwa na kikongwe kasimama mbele yake. Simu zikaanza kuinuka. Moja, halafu nyingi. Mwenye upanga akainua yake. Mashine ikainua yake.

"Rudisha kichwa," nikamwambia.

"Mama..."

"Rudisha kichwa chako. Hapa si mahali."

Akakirudisha. Nikawageukia wale wenye simu nikawauliza kama kwao hawana mama. Nikaondoka. Nilitembea katikati ya uwanja, hakuna aliyenizuia, hata wale wa miti mirefu walifungua njia. Nilikuwa nimefika kwenye safu yetu ya nyumba mjukuu wangu aliponifikia, anahema.

"Nyanya! Kamera. Umeondoka na kamera."

Nikaitazama. Kweli ilikuwa shingoni. Nyepesi vile, nilikuwa nimeisahau.

"Ni ya nani?"

Akainamisha uso. "Ya mama."

"Basi mwenyewe aje aichukue."

"Nyanya, anaitumia kwa kazi. Anashona hayo mavazi, anayapiga picha, ndivyo anavyouza."

"Ndiyo vizuri. Atakuja haraka."

Usiku ule sikumwuliza kitu. Aliniambia mwenyewe, kidogo kidogo, amekaa kwenye mkeka. Mama yake alirudi zamani kidogo. Kule alikotoka alitendewa mambo ambayo hajamwambia hata yeye. Alikuja Eastleigh siku moja kutafuta vitambaa jengo la jirani, akapita mlangoni pa lile duka, wakatazamana, wakatambuana. Anaishi Pipeline, na cherehani. Ndiye rafiki.

Nilikuwa nimemwombea kila swala kama mtu aliye ng'ambo ya bahari. Kumbe yuko ng'ambo ya barabara ya Outering.

"Kwa nini hakuja hapa?"

"Anaogopa."

"Ananiogopa mimi?"

"Kila mtu anakuogopa, nyanya."

Akaifungua kamera kunionyesha nilichopiga. Picha chungu nzima, karibu zote za mdomo wa chui. Nilikuwa nimeshikilia kitufe nikiingoja sauti, nayo ilikuwa inapiga na kupiga bila kusema. Macho yanafunguka. Yanafumba. Machozi yamefika ukingoni. Machozi yameanguka. Nikamwambia aifunge, niliyaona mara ya kwanza.

Kwetu mtoto aliyelelewa na bibi hachukuliwi njiani kama kuku aliyepotea. Hata kama wewe ndiye uliyemzaa. Unakuja, unaingia kwa mlango, unaketi, unakula, unamwomba aliyemlea. Na unakuja mchana, waliokuona ukimwacha wakuone ukimwomba. Nilimwambia mjukuu wangu ayapeleke maneno hayo kama yalivyo, asiyatie sukari. Alinijibu kwamba yeye ni mtu mzima, anaweza kwenda bila kuombewa. Nikamwambia mlango haujafungwa, hata mama yake aliuacha hivyo hivyo. Hakuenda. Lakini siku zile alinisalimia kwa heshima zote na kuninyima mazungumzo, na mimi nilianza kuogopa kwamba mwezi utaisha, mama mtu hatakuja, na mtoto atachoka kuniheshimu.

Alikuja siku ya kazi, saa ya asubuhi ambayo wanawake wote wako nje wanafua. Kama ni kunikomoa au kunitii, sijui hadi leo. Nilimwona kutoka dirishani akiingia kwenye safu yetu, baibui nyeusi, uso wazi, mfuko mkononi. Mazungumzo ya mferejini, penye bomba la maji, yakakatika. Jirani yangu wa viazi ndiye aliyeyaanzisha tena. "Karibu nyumbani, mama," akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na wengine wakafuata: karibu, karibu, za siku nyingi.

"Hodi," akasema mlangoni.

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

Sauti ilikuwa ile ile. Ningemtaja hata gizani.

"Marahaba. Keti."

Akaweka sukari na leso mpya juu ya meza. Leso niliikunjua nikaisoma, nikatafuta kama imeandikwa fumbo la kunisema. Ilikuwa ya kuomba radhi. Nikaikunja.

"Umekuja kuchukua kamera?"

"Nimekuja kumwomba mtoto, kama utaniruhusu. Na kamera."

"Siku ile hukuniaga."

"Ningekuaga nisingeenda."

"Ungekuwa hapa."

"Ndiyo, mama. Ningekuwa hapa."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Nikamwuliza binti yangu maswali yangu. Chumba ni cha nani? Chake. Mwanamume yuko? Hayupo. Amewahi kuwepo? Hayupo, mama. Nimeuliza amewahi. Akasema amewahi, ameondoka. Hilo nililiamini kwa sababu lilimwuma. Ghorofa ya ngapi? Ya juu kabisa. Maji yanapanda? Mara nyingine. Dirisha lipo?

Hapo akasita.

"Lipo," akasema.

"Mbona umesita?"

"Lipo, mama. Wallahi lipo."

Nikapakua. Wali, maharagwe ya nazi, na samaki ambaye nilimnunua bila sababu tangu jana yake. Tulikula bila maneno. Binti yangu alikula kama mtu aliyezoea kula amesimama, haraka, jicho mlangoni, na hilo liliniambia mengi ya Uarabuni kuliko ambavyo angeniambia kwa mdomo. Nikamwongezea.

Kisha nikamgeukia mjukuu wangu. "Mama yako amekuomba. Mimi nimesikia. Wewe unasemaje?"

Alinitazama, akamtazama mama yake. Nilitaka aseme anabaki. Siwezi kusema vinginevyo. Nilikuwa nimempikia samaki anayempenda.

"Nyanya, naomba ruhusa," akasema.

"Ruhusa unayo."

Alikuwa ameshafunga nguo zake. Niliufungua mkoba wake nikaangalia kila kitu, nikaufunga. Kamera nikamrudishia mama yake. Nikawasindikiza hadi mwisho wa safu yetu, mmoja huku na mmoja huku, na watu waliona kwamba ametoka mchana na ameaga.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Pipeline bila kuwaambia. Nilipanda zile ngazi nikipumzika kila ghorofa, nguo mbichi za watu zikinidondokea kichwani. Nikapiga hodi. Walishtuka. Chumba kilikuwa kisafi, cherehani pembeni, kichwa cha simba ambacho hakijamalizwa kikinitazama kutoka juu ya kabati, vitanda viwili. Nilitazama chini ya vyote viwili. Binti yangu akasema, "Mama, keti basi, nikupe chai." Nikamwambia chai itangoja.

Dirisha lilikuwepo. Nililifungua. Mbele yake, karibu kiasi cha kupokezana chumvi, kulikuwa na dirisha la ghorofa jingine, na ndani yake mwanamume mwenye povu mashavuni ananyoa ndevu. Akaniona. Akasema, "Sasa, mathe." Nikaitikia salamu yake. Kisha nikasimama pale pale, mikono dirishani, nikamtazama mpaka akavuta pazia.